Bao Lililorudishwa

Wako watu wasemao kwamba katika mpira jambo kubwa ni kushinda tu, na kwamba njia ya kushinda haiulizwi. Sisi hatukubaliani nao. Twaona yafaa tuwakumbushe wasomaji wetu tendo la Bwana Marcelo Bielsa, mwalimu wa mpira kutoka Argentina, alipokuwa akiifundisha timu ya Leeds United huko Uingereza.

Tarehe 28 Aprili, 2019, Leeds walicheza na Aston Villa katika uwanja wao wa Elland Road. Walikuwa wakipigania kurudi katika ligi kuu, waliyoiacha mwaka 2004. Matumaini ya kupanda moja kwa moja yalikuwa membamba kama uzi, lakini uzi ulikuwa haujakatika. Katika dakika ya 72 mchezaji mmoja wa Villa alikuwa amelala chini, ameumia. Wenzake wakadhani mpira utatolewa nje, kama ilivyo desturi, wakalegea. Leeds wakaendelea, wakafunga. Ugomvi ukazuka, watu wakashikana mashati.

Refa alilikubali bao lile, kwa kuwa hapana sheria imlazimishayo mchezaji kuutoa mpira nje kwa sababu mpinzani ameanguka. Bwana Bielsa angaliweza kunyamaza. Badala yake aliwaamuru vijana wake wawaache Villa wafunge. Wakatii, isipokuwa beki mmoja aliyejaribu kuzuia. Mchezo ukaisha bao moja kwa moja, na ule uzi ukakatika. Baadaye Leeds walitolewa na Derby County katika mechi za mtoano, wakabaki walipokuwa.

Hatusemi kwamba Bwana huyu ni malaika. Mwezi wa Januari mwaka ule ule ilijulikana kwamba alimtuma mtu kuchungulia mazoezi ya Derby, na klabu ikatozwa faini ya paundi 200,000. Lakini alikiri mbele ya watu, na faini akailipa kwa fedha zake mwenyewe.

Liko na jambo jingine ambalo wafanya kazi hasa yawapasa kulijua. Alipofika Leeds mwaka 2018, aliuliza mtazamaji wa kawaida hufanya kazi saa ngapi ili apate fedha ya tiketi moja. Akajibiwa, kama saa tatu. Basi akawaagiza wachezaji wake waokote takataka kwa muda wa saa tatu, ili walionje jasho la wale wanaowalisha. Kwake yeye timu si watu 11 peke yao. Yule anayekaa jukwaani na tiketi yake mkononi yumo pia, na jina lake laweza kuchafuliwa kwa bao la hila.

Mwaka 2020 Leeds walishika nafasi ya kwanza, wakapanda baada ya miaka 16. Hatudai kwamba uungwana ndio uliowafungia mabao. Mabao hufungwa kwa mazoezi na kwa kupeana mpira. Twasema tu kwamba walipanda bila deni la mtu ye yote.

Mara ngapi sisi, kazini na katika vyama vyetu, tumejitetea kwa kusema, “Sheria haikukataza”? Sheria hutuonyesha mahali pa kuadhibiwa. Mahali pa kuona haya hapana budi tupajue wenyewe, hata kabla filimbi haijalia.