Gumegume: Bunduki ya Ulaya Iliyofika Unyamwezi

Desemba 1884 Mtemi Mirambo wa Urambo alifariki akiwa katika vita dhidi ya Mtemi Kapela wa Ukune, upande wa Kahama. Mwanafunzi wa Nyasubi, mojawapo ya kata za Kahama, anaishi basi katika nchi iliyosikia milio ya bunduki zile. Askari wa Mirambo, yaani rugaruga, walichukua mikuki, mishale na magobori, ambayo ni bunduki za kujazwa kwa mdomoni. Gobori la namna ya gumegume lina asili yake katika majeshi ya miguu ya Ulaya ya mwishoni mwa karne ya 17.

Kabla ya gumegume, askari wa Ulaya alitumia bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Utambi huo ulizimwa na mvua, ulionekana usiku, na cheche zake ziliweza kuiwasha baruti ya askari mwenyewe. Katika gumegume, kamani husukuma jiwe gumu, nalo hukwangua kipande cha pua. Chembe za chuma zinazobanduka hupata joto kwa msuguano, zikaungua hewani. Hizo ndizo cheche. Cheche huangukia katika kifa, yaani kisahani cha baruti, na moto hupenya tunduni hadi ndani ya kasiba.

Hata hivyo, kazi ya kujaza ilibaki ndefu. Askari alimimina baruti, akatia risasi ya mviringo, akaishindilia kwa mdeki, kisha akatia baruti katika kifa. Aliyefundishwa vizuri alipiga mara 2 au 3 kwa dakika. Tena kasiba haikuwa na mifuo ya kuizungusha risasi, kwa hiyo kulenga mtu mmoja aliye mbali zaidi ya mita 100 kulikuwa kubahatisha. Ndiyo sababu askari walipangwa kwa safu na kupiga kwa pamoja.

Aliyekuwa akijaza hakuwa na kinga. Mwanzoni alilindwa na wenzake wenye mikuki ya urefu wa mita 5 hivi. Baadaye ilibuniwa singe, lakini ya kwanza ilichomekwa mdomoni mwa bunduki na kuuziba. Huko Killiecrankie, Uskochi, mwaka 1689, askari wa serikali walivamiwa kabla hawajamaliza kuzichomeka. Singe yenye pete, inayovikwa nje ya kasiba, iliondoa kasoro hiyo. Na mwaka 1703 Ufaransa iliacha mikuki mirefu.

Katika Unyamwezi udhaifu ule ule ulipata jibu jingine. Ukuta wa boma ulimpa mpigaji nafasi ya kushindilia, na katika uwanda rugaruga walitegemea wepesi, kushtukiza na mkuki.

Kwa nini silaha kongwe hivyo zilienea? Katika miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kuchukua bunduki za kujazwa kwa nyuma, na zile za zamani zikauzwa ng'ambo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia pwani kila mwaka. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia Waafrika wasiuziwe bunduki zenye mifuo wala za kujazwa kwa nyuma, lakini ukaruhusu, chini ya masharti, gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo tofauti ya silaha haikuwa ya ufundi peke yake. Iliwekwa pia na sheria.

Januari 1893 Wajerumani walipolishambulia boma la Mtemi Isike huko Tabora, askari wao waliweza kupiga risasi 8 au zaidi kwa dakika. Boma liliposhindwa, Isike alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani, asitekwe hai.