Samaki Hangoji: Ndege za Mizigo na Pato la Mvuvi

Wanachama wengi wa vyama vya ushirika vya mikoa ya Ziwa wamelelewa na biashara ya pamba. Pamba ikisha kuchambuliwa na kufungwa marobota huweza kungoja ghalani, kisha ikachukuliwa na reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hadi bandari ya Dar es Salaam. Samaki hangoji. Mnofu mbichi wa sangara, hata ukiwekwa katika barafu, una siku chache tu za kuuzwa, na kila siku ipoteayo njiani hupunguza thamani yake. Ndiyo maana safari za ndege za moja kwa moja hadi nchi za nje zinamhusu hata mvuvi wa mwalo wa mbali.

Viwanda vya minofu vilienea Mwanza na Musoma katika miaka ya 1990. Ndege kubwa za mizigo, zikiwemo za aina ya Ilyushin, zilitua Mwanza na kupeleka minofu Ulaya. Kiwanda chenye hakika ya ndege huweza kumwahidi mnunuzi siku ya kufika kwa mzigo, na ahadi hiyo ndiyo huvuta mitaji. Ajira hufuata: wakata minofu, watengeneza barafu, madereva na mafundi wa mitumbwi. Ndege isipokuwapo, minofu mibichi hupelekwa kwa malori hadi viwanja vya Nairobi au Entebbe. Sehemu ya kazi hubaki kwa jirani, na gharama ya njia huelekea kushushwa katika bei ya mvuvi.

Yako mambo matatu ambayo makatibu hawana budi kuwaeleza wanachama.

Kwanza, ndege ikija tupu, mzigo wa safari moja hulipia safari mbili. Njia hudumu penye mzigo wa kuja na wa kwenda.

Pili, kutegemea soko moja ni hatari. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia samaki wa Ziwa Victoria kwa shaka ya uvuvi wa sumu. Shaka juu ya wachache iliwafungia wote mlango.

Tatu, ndege haizalishi samaki. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, kwa kuwa avuliwaye mchanga hajazaa. Tena minofu ikisafiri, mkazi mwenye kipato kidogo huachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Faida ya ndege basi ipimwe mwaloni, si kiwanjani.

Mwaka 2023 Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ndege ya mizigo ya aina ya Boeing 767. Lakini ndege hufuata mzigo ulio tayari. Chama chenye mizani halali, barafu mwaloni na daftari la kila pato huweza kuzungumza bei na kiwanda kwa sauti moja. Mvuvi mmoja mmoja, mwenye samaki anayeharibika mkononi, hawezi.