Jioni ya Nanyuki ni dawa kwa mpanda mlima

IKIWA umetua Nanyuki saa kumi jioni na kesho asubuhi unatarajia kuanza kuupanda Mlima Kenya, huenda ukaziona saa hizo chache kuwa ni za kupoteza tu. Wengi huzimalizia kwenye baa. Wengine hujitupa kitandani bila kula. Na kuna wale ambao hawataki hata kulala mjini: hushuka kwenye ndege, wakaingia garini na kwenda moja kwa moja hadi lango la mbuga.

Yafaa ufahamu, msomaji, kwamba jioni hiyo moja ni sehemu ya safari yenyewe. Ukiitumia vizuri itakukinga na maradhi ya mlimani. Ukiichezea, unaweza kuanza safari ukiwa mgonjwa bila kujijua, na mlimani ndipo mahali pabaya zaidi pa kuligundua jambo hilo.

Uwanja mdogo wa ndege wa Nanyuki uko kilomita chache kusini mwa mji, si mbali na mstari wa ikweta. Kimo chake ni mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi huchukua muda usiozidi saa moja kufika hapo. Hivyo basi, mtu aliyekunywa chai ya asubuhi Mombasa anaweza kula chakula cha jioni mtaani Majengo, Nanyuki, siku hiyo hiyo.

Mwili, hata hivyo, hausafiri kwa kasi ya ndege.

Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Katika kimo cha Nanyuki, kila pumzi unayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 80 ya ile ambayo ungeipata ufuoni Mombasa. Katika kambi ya Old Moses, ambayo ni ya kwanza kwenye njia ya Sirimon na iko mita 3,300, hubaki kama theluthi mbili. Ukifika Point Lenana, kilele cha mita 4,985 ambacho ndicho watembeaji wengi hukikusudia, hubaki zaidi kidogo ya nusu.

Mwili unajua kujirekebisha. Huanza kwa kupumua haraka na kuufanya moyo upige mbio zaidi, kisha polepole huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa na hata wiki. Usiku mmoja wa Nanyuki hauwezi kuimaliza, lakini unampa mtu aliyetoka pwani nafasi ya kuianza akiwa amelala salama.

Hata waliokaa Nanyuki kwa muda mrefu hawana kinga kamili. Mnamo Januari 1943, wafungwa watatu wa vita kutoka Italia, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi yao karibu na mji huo ili waupande mlima, kisha wakarudi wenyewe kambini. Balletto alikuwa daktari. Hata hivyo, Barsotti aliugua njiani, na wenzake wawili ndio waliofika Lenana. Wapagazi na viongozi wa Nanyuki na Naro Moru nao wapaswa kulikumbuka hilo, kwani kuzaliwa chini ya mlima si dawa.

KICHWA KIKIUMA MAJENGO

Jambo la kwanza la kufanya jioni hiyo ni kujichunguza. Je, kichwa kinakuuma? Una homa? Unakohoa? Unaharisha?

Maradhi ya mlimani aghalabu huanza katika kimo cha kuanzia mita 2,500, na dalili zake hujitokeza saa kadhaa baada ya kufika huko. Kwa hiyo, ukiumwa na kichwa ukiwa Majengo, usikimbilie kusema ni mlima. Tafuta sababu nyingine.

Huenda ni kiu. Hewa ya ndege na ya nyanda za juu ni kavu, na mtu hupoteza maji bila kuona jasho. Kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa hadi mkojo wako uwe na rangi hafifu ya manjano. Usijilazimishe kunywa kupita kiasi, kwani hilo nalo lina madhara yake.

Huenda pia ni malaria. Hili ndilo jambo wanalolisahau wasafiri wengi kutoka pwani na maeneo ya Ziwa Victoria. Mbu aliyekuuma nyumbani wiki mbili zilizopita hakuulizi unaenda wapi. Ukianza kutetemeka Nanyuki, wenyeji watakuambia ni baridi, nawe utakubali na kujifunika blanketi la pili. Pima joto la mwili. Kama una homa, nenda upimwe damu jioni hiyo hiyo. Mji una hospitali ya rufaa, na hakuna zahanati itakayokungoja kule juu.

Kanuni ni moja: mtu mwenye homa, kikohozi kizito au tumbo la kuharisha asipande. Akipanda, yeye na kiongozi wake hawataweza kutofautisha ugonjwa aliokwenda nao na ule aliopewa na mlima.

JINSI YA KUZITUMIA SAA HIZO

Saa kumi hadi saa kumi na mbili: Tembea. Ikiwa umeunganisha ndege kutoka Ulaya au Uarabuni, umeketi saa nyingi na damu imezembea miguuni. Zunguka mtaani na sokoni kwa mwendo wa kawaida, mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kutweta. Usikimbie kujaribu nguvu zako, kwani mazoezi ya siku moja kabla hayakusaidii chochote, yanakuchosha tu.

Ukiwa sokoni, nunua ulichokosa. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000, na usiku wa kambini maji huganda. Kwenye mitumba tafuta sweta ya sufu, kofia ya kufunika masikio na glavu. Nguo za pamba zikilowa jasho hukaa na unyevu na kukupoza mwili, kwa hiyo zisiwe ndizo zinazogusa ngozi.

Magharibi: Jua la ikweta huzama upesi, na kufikia saa moja giza limetanda. Vaa sweta kabla hujahisi baridi. Watoto na wenye pumu ndio wa kwanza kudhurika. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kupuliza mfukoni, wala si ndani ya mzigo utakaobebwa na mpagazi.

Saa moja: Kula chakula cha wanga, kama vile ugali, wali, viazi au chapati, pamoja na mboga na nyama kidogo. Githeri na ndengu ni vyakula bora, lakini usile sana usiku huu kama tumbo lako hujaa gesi upesi. Gesi hupanuka kadiri unavyopanda, nalo tumbo lililovimba humfanya mtu apumue kwa shida.

Pombe iache. Hukausha maji mwilini na kupunguza upumuaji usingizini. Vidonge vya usingizi pia viache. Na ukikaribishwa miraa, ambayo ni nyingi katika eneo hili, shukuru na ukatae, kwani huondoa usingizi na hamu ya kula, vitu viwili unavyovihitaji mno.

Saa mbili: Zungumza na kiongozi wako. Huu ndio wakati wa maana kuliko wote.

Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi mahali pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kuwe na siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Sasa piga hesabu. Kutoka Nanyuki hadi Old Moses ni mita 1,400. Kutoka Old Moses hadi kambi ya Shipton's, iliyo mita 4,200 hivi, ni mita 900 nyingine kwa siku moja. Kesho yake usiku wa manane unaamshwa kuelekea Lenana. Mlima Kenya unaweza kupandwa upesi mno, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa hiyo uliza kama mnaweza kuongeza usiku mmoja njiani. Bei ya chakula cha siku moja zaidi ni ndogo ukilinganisha na ya kumshusha mgonjwa kwa machela. Kubalianeni pia kwamba yeyote atakayeugua atashushwa na mtu mwenye nguvu, na hataachwa peke yake hemani.

Kama daktari amekuandikia asetazolamidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, kwa kawaida huanza kumezwa siku moja kabla ya kupanda. Usiazime vidonge vya mwenzako. Dawa hiyo haiwafai baadhi ya watu, wakiwemo wale waliowahi kudhurika vibaya na dawa za salfa.

Saa tatu: Lala.

JIKO LISIINGIE CHUMBANI

Hapa ni lazima tusimame kidogo. Usiku wa Nanyuki joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 na hata chini yake. Mgeni kutoka pwani huona baridi hiyo kama adhabu, na mwenyeji mwema humletea jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha na mlango ili joto lisitoke.

Jiko hilo linaweza kumuua mgeni kabla hajauona mlima.

Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulegea na kusinzia. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Ni kosa kudhani kwamba makaa yasiyo na moshi hayana madhara.

Angalia kwamba dalili hizo zafanana sana na za maradhi ya mlimani na za uchovu wa safari. Lakini kama wote waliomo chumbani wanaumwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko mara moja. Fungua milango, watoe nje wote na uwapeleke hospitalini wakapewe oksijeni.

Mwenyeji wa Majengo, mpe mgeni wako blanketi la ziada na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri. Jiko na lipike nje. Onyo hilo ni kwa hema pia, kwani kuna wapandaji ambao huwasha majiko ya gesi ndani ya hema lililofungwa.

WASIOFAA KUPANDA BILA DAKTARI

Wenye ugonjwa wa selimundu wako hatarini zaidi, kwa sababu upungufu wa oksijeni huzibadilisha chembe zao za damu na kuleta maumivu makali. Hata baridi ya Nanyuki peke yake yaweza kuyaamsha. Wenye maradhi ya moyo au mapafu, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari, na akina mama wajawazito pia wapaswa kumwona daktari wao wiki kadhaa kabla ya safari. Kwao jioni hii si wakati wa kuanza kuuliza, bali ni wakati wa kuhakikisha dawa zipo.

DALILI ZA KUKURUDISHA

Kariri dalili hizi kabla hujalala, kwa kuwa ubongo uliokosa oksijeni haukumbuki vizuri.

Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu au kizunguzungu: simama hapo ulipo, pumzika, usipande zaidi hadi upone. Kidonge cha kutuliza maumivu kinaruhusiwa, lakini kisiwe cha kuficha ugonjwa ili uendelee kupanda.

Kutweta ukiwa umeketi, kikohozi kinachotoa povu au makohozi ya rangi ya waridi, midomo kuwa ya samawati: mapafu yanajaa maji. Shuka mara moja.

Kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, kusema yasiyoeleweka: ubongo unavimba. Shuka mara moja, hata kama ni usiku, mkisaidiana na kutumia taa. Tiba iliyo kuu ni kushuka, na kila saa inayopotea ina hesabu yake. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi atakataa, akisema anataka kulala tu. Msimsikilize.

Asubuhi, toka nje mapema. Mlima huonekana vyema alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Ukiwa unautazama, jiulize maswali matatu: Nimelala? Nina hamu ya kula? Kichwa changu ni chepesi? Ukijibu ndiyo mara tatu, beba mzigo wako uende, polepole. Ukijibu la hata mara moja, mwambie kiongozi wako ukweli na mbaki siku moja zaidi. Mlima haung'oki mahali pake, na chumba cha Majengo ni rahisi kuliko jeneza.