Kijajuu cha Barua Pepe kama Ushahidi Mpakani: Hali ya Busia na Malaba

Katika Vituo vya Pamoja vya Huduma Mpakani vya Busia na Malaba, ambapo Malaba ya upande wa Uganda imo katika Wilaya ya Tororo, mawakala wa forodha hupokea ankara na maelekezo ya malipo kwa barua pepe. Ikija barua inayodai kuwa akaunti ya benki ya muuzaji imebadilika, jina la mtumaji halithibitishi lolote. Itifaki ya kusafirisha barua pepe iliyochapishwa mwaka 1982 haikudai jina hilo lihakikiwe. Ni sawa na jina lililoandikwa nyuma ya bahasha.

Ushahidi umo katika kijajuu, yaani mistari inayotangulia matini ya barua. Kila seva inayopitisha barua huongeza mstari wa "Received" juu ya iliyotangulia, hivyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. (Katika makundi ya habari ya Usenet, mstari wa "Path" husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.) Mistari ya chini huweza kughushiwa, ya kutegemewa ni iliyoandikwa na seva ya mpokeaji mwenyewe, ukiwemo "Authentication-Results", unaoonyesha kama kikoa cha mtumaji kiliiruhusu seva iliyotuma. Hata huo haumsafishi mtumaji: tapeli aliyesajili kikoa kinachotofautiana na cha kweli kwa herufi moja hupita ukaguzi huo bila shida.

Saa nazo hupotosha. Kenya na Uganda zote hutumia +0300, lakini seva ya mbali huweza kuandika -0800. Barua iliyofika Busia saa tatu asubuhi itaonekana imepokelewa saa nne usiku wa jana yake, na msomaji asiyezingatia tarakimu hizo ataona udanganyifu pasipokuwapo.

Namna ya kukiona kijajuu hutofautiana. Katika Thunderbird hubonyezwa Ctrl na U. Katika Gmail ya kompyuta hufunguliwa menyu ya nukta tatu iliyo kwenye ujumbe, kisha huchaguliwa amri ya kuonyesha ujumbe asilia. Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani hukiweka ndani ya sifa za ujumbe. Programu ya Gmail ya simu haina amri ya kukionyesha chote, na hapo ndipo tatizo lilipo kwa wakala anayefanyia kazi zake zote kwenye simu. Akimsambazia ofisa barua hiyo kwa njia ya kawaida, ofisa hupokea kijajuu kipya cha wakala; cha mtuhumiwa hakimo. Picha ya skrini ni dhaifu zaidi.

Sheria za pande zote mbili zinaligusa jambo hili. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hudai cheti kwa rekodi ya kielektroniki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 huitaka mahakama ipime namna rekodi ilivyotunzwa. Kwa hiyo fomu ya malalamiko mpakani ingepaswa kudai faili la ujumbe wenyewe, lililohifadhiwa kutoka kompyuta au kutumwa kama kiambatisho, kabla mlalamikaji hajaufuta.