Sikiliza Anachosema Hatakifanya

Ukiishi Uingereza ni vigumu kumkwepa Martin Lewis. Mwaka 2003 alianzisha tovuti ya kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kubana matumizi. Mwaka 2012 akaiuza kwa mkataba uliofikia pauni milioni 87, na bado yuko kwenye televisheni akijibu maswali ya wananchi kuhusu mikopo, bima na bili za umeme. Wapo wanaomwamini kuliko wanavyoiamini benki yao. Matapeli waliliona hilo mapema. Kufikia 2018 picha yake ilikuwa imezagaa Facebook kwenye matangazo ya kulipia yaliyonadi uwekezaji wa ajabuajabu, na waliojiunga kwa kumwamini walikuwa wakipoteza fedha nyingi.

Aprili mwaka huo alitangaza kwamba anaipeleka Facebook Mahakama Kuu kwa kumchafulia jina. Alitaja zaidi ya matangazo 50 ya uongo yaliyobeba sura yake, na akasema mapema kwamba akilipwa fidia ataitoa kwa mashirika yanayopambana na utapeli. Shauri liliisha kwa makubaliano Januari 2019. Facebook ilikubali kutoa pauni milioni 3 kwa shirika la Citizens Advice ili lianzishe huduma ya kuwasaidia waliotapeliwa mtandaoni, na ikaweka kitufe cha kuripoti tangazo la kitapeli kwa watumiaji wa Uingereza. Lewis hakuishia hapo. Akaungana na wengine kuishinikiza serikali iingize matangazo ya kulipia ya kitapeli kwenye muswada wa usalama mtandaoni, ambao mwanzoni haukuyagusa. Yaliingizwa, na muswada ukawa sheria Oktoba 2023.

Naanza na mtu huyu kwa sababu kampeni nyingi za usalama mtandaoni zinazobebwa na watu maarufu hazifanani na yake hata kidogo. Sote tunazijua: ukumbi wa hoteli, bango, fulana za bure, msanii anatambulishwa kuwa balozi, kiongozi anapiga naye picha, na ujumbe wenyewe ni “kuwa makini mtandaoni”. Wiki mbili baadaye kilichobaki ni picha kwenye ukurasa wa msanii. Makini kwa nini, na kwa namna gani? Mwenye simu ya tochi kijijini au mwanafunzi wa chuo anayetafuta mkopo hakuambiwa afanye lolote. Hiyo mimi naiita kiki, hata kama aliyeiandaa alikuwa na nia njema.

Zipo kampeni za mastaa zilizofanya kazi. Mwaka 2016 Mwanamfalme William aliunda kikosi kazi cha kupambana na unyanyasaji wa watoto mtandaoni, akaziita kampuni kubwa za teknolojia mezani, na Novemba 2017 ukatoka mwongozo kwa watoto wanaoshuhudia mwenzao akitukanwa. Uliwaambia mambo matatu: usikimbilie kujiunga, mwambie mtu mzima au rafiki unayemwamini, na mtumie mwenzako ujumbe wa kumtia moyo. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuyashika. Mengine ya kikosi kile sikuyapenda sana, hasa namna kampuni zilivyobaki na hiari ya kufanya au kutofanya, lakini mwongozo ulikuwa mzuri.

Kuna tatizo ambalo waandaaji wa kampeni hizi hawapendi kulizungumzia. Kampeni inamtumia staa kwa sababu watu wanamwamini, na tapeli anamtumia kwa sababu hiyohiyo. Hata kabla ya akili mnemba, jina la mtu maarufu lilikuwa chambo: kampuni ya McAfee ilikuwa ikitoa kila mwaka orodha ya mastaa ambao kutafuta majina yao mtandaoni kulikuwa na hatari kubwa ya kuangukia kwenye tovuti zenye virusi, na mwaka 2012 aliyeongoza alikuwa mwigizaji Emma Watson. Leo chambo kinaongea. Programu ya kuiga sauti inahitaji mfano wa sauti ya mtu, na hakuna walioacha mifano mingi hadharani kama watangazaji, wanasiasa na wanamuziki. Sauti ya mama yako ni ngumu kuipata mtandaoni. Ya mtangazaji wa taarifa ya habari ipo kwa maelfu ya saa, safi, isiyo na kelele za barabarani.

Ndiyo maana Julai 2023 ikasambaa video ya Martin Lewis wa bandia, sura na sauti, akisifia mradi wa uwekezaji uliohusishwa na Elon Musk. Oktoba mwaka huo mwigizaji Tom Hanks akawaonya mashabiki wake kuhusu video ya bandia iliyomfanya anadi huduma ya meno. Januari 2024 ikawa zamu ya Taylor Swift, akigawa masufuria ambayo hakuwahi kuyagawa.

Inafaa kuelewa safari anayopitishwa anayebofya, maana video ni mlango tu. Ukibofya, unapelekwa kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane na wa chombo cha habari kinachoheshimika, wenye habari ya jinsi staa yule “alivyofichua siri” ya utajiri. Mwisho wa habari kuna fomu: jina, barua pepe, namba ya simu. Hapo bado hujatoa hata senti. Lakini simu itaita, na atakayeongea ni mtu mpole, mwenye subira, anayejiita meneja wa akaunti yako. Ataomba kianzio kidogo, mara nyingi kama dola 250, kisha atakupa neno la siri la kuingilia kwenye ukurasa ambako utaona fedha zako zikiongezeka kila siku. Zile ni tarakimu tu zilizoandikwa kwenye kioo. Fedha yenyewe ilishaondoka siku ya kwanza. Wengine huruhusiwa kutoa kiasi kidogo mwanzoni ili waamini na kuongeza. Siku ukitaka kutoa zote, unaambiwa ulipe kwanza kodi, halafu ada, halafu bima.

Na kwa nini kampuni ya mtandao haikulizuia tangazo? Sehemu ya jibu ni ujanja wa kiufundi: tovuti ya tapeli inamtambua mkaguzi wa mtandao na kumwonyesha ukurasa safi, labda wa mapishi, huku wewe ukionyeshwa ule wa utapeli. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba tangazo lililipiwa.

Kwa miaka mingi wataalamu, mimi nikiwemo, tulikuwa tukiwafundisha watu kutafuta kasoro: angalia tahajia, angalia midomo kama inaendana na sauti, angalia vidole, angalia macho kama yanapepesa. Somo hilo linachakaa kila mwezi. Kasoro ya mwaka jana imeshasahihishwa, na kwenye kioo cha simu ndogo yenye intaneti ya kusuasua hata video halisi ya Rais inakatikakatika. Mbaya zaidi, mtu aliyefundishwa kutafuta kasoro asipoiona anahitimisha kwamba video ni ya kweli.

Sasa linganisha na kauli ambayo Lewis amekuwa akiirudia: yeye hafanyi matangazo ya biashara, hivyo tangazo lolote lenye sura yake ni la uongo. Basi. Kauli hiyo haimtaki bibi wa miaka sabini awe fundi wa kuchambua video. Hata bandia ikiwa kamilifu, bila kasoro hata moja, kauli inabaki kufanya kazi, kwa kuwa inahusu jambo ambalo mhusika hatalifanya kamwe. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote anavyoweza kuvitoa mtu maarufu kwenye kampeni: ahadi ya kutofanya jambo fulani, iliyo wazi, isiyo na “isipokuwa”, na iliyorudiwa mpaka watu waichoke.

Tiki ya bluu haitoshi kuwa mbadala. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti halisi za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na kampuni ya Apple zilichapisha ujumbe mmoja: nitumie bitkoini, nitakurudishia mara mbili. Akaunti 130 ziliguswa, 45 zikatumika kuchapisha, na zaidi ya dola 100,000 zikaenda kwa wahalifu ndani ya saa chache. Wenye akaunti hawakukosea chochote. Wahalifu, wakiongozwa na kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida, waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter wakijifanya mafundi wa kompyuta wa ofisini, wakawapeleka kwenye ukurasa bandia wa kuingilia kazini, wakapata njia ya kufikia vifaa vya ndani. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2019, akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilikuwa imetekwa kupitia namba yake ya simu iliyohamishiwa kwenye mikono ya watu wengine.

Na wakati mwingine akaunti ni ya kweli, mwenyewe ndiye aliyeandika, na bado fedha yako iko hatarini. Mwaka 2021 Kim Kardashian aliwanadia wafuasi wake sarafu ya kidijitali ya EthereumMax. Aliweka alama ya kuonyesha ni tangazo, lakini hakusema kwamba alilipwa dola 250,000. Oktoba 2022, bila kukiri wala kukana kosa, alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza shauri na mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji.

Huku kwetu Afrika Mashariki kauli ya Lewis haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Wasanii na wachezaji wetu wengi wanaishi kwa matangazo: leo kampuni ya simu, kesho ya kubashiri mechi, keshokutwa sabuni. Hawawezi kusema hawatangazi. Lakini ahadi nyingine wanaweza kuzitoa. Sitakufuata kwenye meseji kukuomba hela. Zawadi yangu hailipiwi ada ya fomu wala ya usajili. Simkopeshi mtu yeyote kupitia Facebook. Hii ya mwisho ingewafaa sana wafanyabiashara wakubwa, maana jina la Mohammed Dewji, kwa mfano, limetumiwa tena na tena kwenye kurasa bandia zinazoahidi mikopo ya haraka, kinachotakiwa tu ni kutanguliza kiasi kidogo. Na kwa zile bidhaa anazozitangaza kwa kweli, staa aweke orodha moja mahali pamoja. Isiyokuwemo si yake.

Kampuni za simu zimeshaonyesha kwamba ahadi za namna hii zinashikika. Safaricom imewazoesha wateja wake kwamba inapiga kutoka namba moja tu, 0722 000 000, na kwamba anayepiga kwa namba nyingine akijiita mhudumu ni mwongo. Mkenya aliyeishika hiyo ana kinga kubwa kuliko aliyehudhuria semina nzima ya vitisho vya mtandaoni.

Nakiri kwamba utapeli mkubwa wa Tanzania hauhitaji staa. “Ile hela tuma kwenye namba hii” haina sura, haina sauti, haina akili mnemba. Inatumwa kwa maelfu ya watu, ikimngoja yule mmoja ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ameahidi kumtumia mwenye nyumba kodi. Dawa yake ni kumpigia unayedhani ndiye aliyeutuma ujumbe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, kabla ya kugusa menyu ya kutuma. Balozi wa kampeni akilisema hilo moja kwa mwaka mzima, bila kuongeza lingine, atakuwa amefanya kazi kubwa.

Tofauti nyingine iko kwenye fedha iliyokwisha kwenda. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinawajibika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, kwa masharti fulani. Huku kwetu muamala wa simu ukishatoka na mpokeaji akawahi kwa wakala, kuurudisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo muhimu. Pigia mtandao wako mara moja waizuie fedha kama bado ipo. Mteja wa M-Pesa Kenya hutuma ujumbe wa muamala kwenda 456, na namba ya tapeli huripotiwa Safaricom kupitia 333. Tanzania namba ya kuripoti ni 15040. Piga pia *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana laini usiyoijua inaweza kuwa ndiyo inayowatapeli wengine kwa jina lako. Usifute ujumbe hata kama unakuaibisha, polisi watauhitaji. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati za jirani zinafanya kazi, huenda namba yako imehamishiwa kwa mwingine, hivyo usisubiri kesho kwenda dukani kwa mtoa huduma.

Kisha jiandae kwa simu ya pili. Majina ya waliokwisha kutapeliwa huuzwa, na baada ya wiki au miezi atapiga mtu mwingine kabisa, safari hii akijitambulisha kama wakili, afisa wa benki au askari wa kitengo cha mtandao. Anajua ulipoteza kiasi gani na siku gani. Ana habari njema kwamba fedha yako imepatikana, na anahitaji ada ndogo tu ili iachiliwe.