Mto Mmoja, Safari Mbili

Tarehe 13 Januari, 2023, Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi, alizindua safari ya meli ya anasa iitwayo Ganga Vilas kutoka mji wa Varanasi. Meli hiyo ina vyumba vya fahari 18, nayo huchukua abiria 36 tu. Safari yake ilipangwa iwe ya siku 51 na kilomita 3,200: ipite mito 27, ikate nchi ya Bangladesh, kisha iupande Mto Brahmaputra mpaka Dibrugarh, katika jimbo la Assam. Ilifika huko mwishoni mwa Februari, na abiria wake wa kwanza walikuwa watalii kutoka Uswisi.

Assam ni jimbo ambalo wageni wengi waendao India hawalifikii. Liko katika pembe ya kaskazini-mashariki, nalo limeungana na sehemu nyingine ya nchi kwa ukanda mwembamba wa ardhi. Basi si ajabu wenye fedha kutamani kulifikia kwa njia ya maji. Brahmaputra hutoka katika milima ya Tibet, na wakati wa mafuriko upana wake mahali pengine hupita kilomita 10. Ukingoni mwake iko mbuga ya Kaziranga, ambamo mwaka 1905 wanyama walianza kuhifadhiwa wakati vifaru wa pembe moja walipokuwa karibu ya kwisha. Mwaka 2022 walihesabiwa vifaru 2,613. Uko mji wa Sualkuchi, wafumao hariri. Kiko na kisiwa cha Majuli, katikati ya mto, chenye nyumba za watawa wafuatao mafundisho ya Sankardeva, ambako hutengenezwa vinyago vya kuvaliwa usoni katika michezo ya dini.

Mambo hayo yote yapendeza, wala hatumlaumu mtu atakaye kuyaona. Lakini, ndugu msomaji, mto huo umepata kuchukua abiria wengine, na habari zao hazisimuliwi sana sitahani.

Waingereza walipoanzisha mashamba ya chai Assam katika karne ya 19, walihitaji mikono mingi. Wakala wao waliingia vijiji vya maskini katika uwanda wa Chota Nagpur na kwingineko, wakawafunga watu kwa mikataba, wakawapakia katika meli za moshi na kuwapandisha mto. Walisongamana kama mizigo, na kipindupindu kiliwaua wengi hata kabla hawajaliona shamba. Kumbukumbu za serikali ya wakati ule zaonyesha kwamba kati ya makuli wapatao 85,000 waliopelekwa Assam katika miaka ya 1860, watu 30,000 hivi walikuwa wamekwisha kufa kufikia katikati ya mwaka 1866. Aliyetoroka aliwindwa, akikamatwa akarudishwa kazini kwa nguvu ya sheria.

Hawakukaa kimya siku zote. Mwezi wa Mei, 1921, maelfu ya wafanyakazi wa bonde la Chargola, kusini ya Assam, walidai nyongeza ya mshahara, wakanyimwa. Wakayaacha mashamba, wakaenda kwa miguu na watoto wao wakitaka kurudi makwao. Walipofika Chandpur, bandari ambako maji ya Brahmaputra, yakiwa yamekwisha changanyika na ya Ganges, hukutana na Mto Meghna, walizuiwa wasipande meli. Usiku wa tarehe 20, askari waliwashambulia walipokuwa wamelala stesheni. Ndipo wafanyakazi wa reli na mabaharia wa meli za mtoni walipogoma kwa ajili yao. Mabaharia wale hawakuwa wachuma chai, lakini walitambua jasho la wenzao.

Vizazi vya wachuma chai wale wangali Assam. Oktoba 1923 imekwisha pita, na Oktoba 2023 nayo ikaja: mwezi huo ujira wa kutwa wa mchuma chai katika bonde la Brahmaputra ulipandishwa ukawa rupia 250. Safari ya Ganga Vilas ilipotangazwa, nauli ilitajwa kuwa kati ya rupia 25,000 na 50,000 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Hesabu yake haihitaji karani. Siku moja ya starehe melini, kwa bei ya chini, ni ujira wa siku mia za kuinama shambani. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata kama wote wawili watazama mto ule ule.

Tena wako wenyeji wa Majuli, ambao hupanda mashua kwa sababu ya sokoni, shuleni na hospitalini. Tetemeko kubwa la tarehe 15 Agosti, 1950, liliinua sakafu ya mto, na tangu hapo maji yamezidi kukila kisiwa chao. Tarehe 8 Septemba, 2021, karibu na gati la Nimati, mashua ya injini iliyojaa abiria iligongana na kivuko cha serikali, ikapinduka, na watu wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo ndipo mashua zenye injini moja zilipopigwa marufuku kuchukua abiria. Mwezi wa Februari mwaka huo huo lilikuwa limewekwa jiwe la msingi la daraja la kwenda kisiwani. Lakini jiwe la msingi halimvushi mgonjwa.

Watetezi wa utalii husema kwamba meli ya anasa huleta kazi na fedha. Yawezekana kabisa, na waongozaji, wapishi na wafumaji wa hariri wastahili kunufaika. Lakini faida hiyo na ipimwe ukingoni: ni kiasi gani kilichobaki kijijini baada ya meli kung'oa nanga? Serikali iwezayo kuuchimba mto ili meli ya abiria 36 ipite salama, yaweza pia kumpa mama wa Majuli kivuko kisichozama. Na msafiri aletewapo kikombe cha chai sitahani, jua likichwea juu ya Brahmaputra, na aulize imechumwa na nani, na kwa ujira gani.