Agizo Kama Nyenzo ya Kudhibiti Matini za Akili Unde: Suala la Saa za Kiswahili katika Matangazo ya Umma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna agizo, yaani maelezo ambayo mtumiaji huiandikia modeli ya lugha, linavyodhibiti matini inayozalishwa kwa Kiswahili. Kwa kutumia mfano wa saa katika matangazo ya umma, makala yanabainisha kuwa agizo bora ni lile linalotamka waziwazi yale ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyaona hayahitaji kusemwa.

1.0 Utangulizi

Modeli kubwa ya lugha haitekelezi amri kama programu ya kawaida ya kompyuta. Hukadiria kipande cha matini kinachoelekea kufuata vipande vilivyotangulia, na agizo ni sehemu ya hivyo vilivyotangulia. Kwa hiyo, agizo halibadili mafunzo ya modeli. Hupunguza tu uwanja wa majibu yanayowezekana. Uwanja huo haukuwa sawa tangu awali. Waundaji wa GPT-3 walieleza mwaka 2020 kwamba takriban asilimia 93 ya maneno katika data za mafunzo yalikuwa ya Kiingereza. Modeli zilizofuata zinaandika Kiswahili vizuri zaidi, lakini pale agizo linaponyamaza, desturi za Kiingereza huweza kujaza pengo.

2.0 Mfano wa Saa

Tuchukulie afisa wa afya anayehitaji tangazo la chanjo itakayoanza 08:00 kwa mfumo wa saa 24. Anaandika: “Andika tangazo la chanjo kwa Kiswahili. Kituo kitafunguliwa 08:00.” Modeli inaweza kuandika “saa 2:00 asubuhi”, ambayo ndiyo sahihi. Inaweza pia kuandika “saa 8:00 asubuhi”, kauli isiyo na mahali katika hesabu ya Kiswahili, kwa kuwa saa nane ni ya mchana au ya usiku. Mzazi atakayeielewa kuwa saa nane mchana atafika saa sita baada ya kituo kufunguliwa. Katika maelekezo ya dawa, kosa hilohilo huhamisha dozi kwa saa sita.

Tatizo hili halikomei kwa wazungumzaji wazawa wa Kiswahili. Kiganda, katika “ssaawa bbiri”, na Kinyarwanda, katika “saa mbiri”, huhesabu saa kwa namna hiyohiyo, ilhali nyaraka nyingi za ofisi katika nchi hizo huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Hivyo msomaji wa Kampala au Kigali hana lugha ya nyumbani itakayomsahihishia kosa hilo; lugha yake inamthibitishia tafsiri ileile potofu.

3.0 Vipengele vya Agizo Linalodhibiti

Agizo la afisa huyo linaweza kuandikwa upya hivi: “Andika tangazo la chanjo kwa Kiswahili sanifu kwa wazazi wa watoto wa chini ya miaka mitano. Wahutubie kwa wingi. Tumia saa za Kiswahili: 08:00 iandikwe saa 2:00 asubuhi; 14:00 iandikwe saa 8:00 mchana. Pale taarifa inapokosekana, acha nafasi, usibuni.”

Kila sentensi ina kazi yake. Hadhira huamua msamiati. Idadi huzuia mchanganyiko wa “unaombwa” na “mnaombwa”, unaotokea kwa urahisi kwa sababu Kiingereza hutumia kiwakilishi kimoja kwa umoja na wingi. Mifano ya saa hufanya zaidi ya kueleza kanuni: huonyesha ruwaza ya kufuatwa, na utafiti wa GPT-3 wenyewe ulidhihirisha kwamba mifano michache ndani ya agizo huweza kuboresha utendaji bila modeli kufunzwa upya. Katazo la mwisho hupunguza uwezekano wa kubuniwa kwa tarehe au mahali.

Istilahi nazo zahitaji kutajwa. “Akili unde”, “akili mnemba” na “akili bandia” zote zinatumika katika ukanda huu. Agizo lisilochagua moja linaweza kuzaa waraka wenye zote tatu.

4.0 Mipaka ya Agizo

Agizo lililoandikwa vyema bado si dhamana. Agizo lilelile linaweza kuleta matini tofauti likirudiwa, na matini yenye ufasaha inaweza kuficha saa isiyo sahihi. Aidha, agizo lililofaa kwa modeli moja huenda lisifae kwa nyingine. Kwa sababu hiyo, udhibiti haumaliziki katika uandishi wa agizo. Huhitaji majaribio na msomaji anayewajibika.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kudhibiti modeli kwa Kiswahili ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya teknolojia. Inapendekezwa, kwanza, ofisi za umma zihifadhi maagizo yaliyojaribiwa kama nyaraka rasmi zenye tarehe na mwenye dhamana. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha yaandae kiambatisho cha pamoja cha kanuni za saa, tarehe na istilahi, kitakachoingizwa katika kila agizo. Tatu, kila saa, tarehe na kipimo katika matini iliyozalishwa ilinganishwe na taarifa ya asili kabla ya kutolewa kwa umma.